Keki Iliyokwenda Kibokoni

Kadzo alikuwa karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofa ya kwanza kule Makupa, dirisha likitazama barabara ambapo malori yote yanayotoka kisiwani hubadilisha gia kwa pamoja. Kwa miaka kumi na minne alipiga taipu majina ya meli, nambari za makontena na uzito wa mizigo, na wakubwa wake walitia sahihi karatasi zake bila kuzisoma, maana ilijulikana kwamba Kadzo hakosei. Yeye mwenyewe alilijua hilo na lilimpendeza, ingawa mbele za watu alisema ni mazoea tu.

Keki hakuzitafuta. Siku moja alinunua gazeti la zamani la Kizungu kwa wauzaji wa pembeni mwa barabara, akitaka mtindo wa kushona gauni. Gauni hakulishona. Katikati ya gazeti palikuwa na picha ya keki iliyofanywa nyumba, ina paa, ina ua, hata paka amelala mlangoni. Kadzo aliitazama siku tatu, siku ya nne akaenda kununua sukari ya unga.

Oveni hakuwa nayo. Aliokea nyumbani kwake Tononoka, sufuria kubwa yenye mchanga ndani, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama uokwavyo mkate wa sinia. Keki yake ya kwanza ya maumbo ilikuwa Biblia, ya sikukuu ya mavuno kanisani, na watu waliisifu ingawa maandishi ya dhahabu yalitiririka kwa joto na Neno likawa halisomeki. Ya pili ilikuwa lori, ya kumuaga mkubwa mmoja wa ofisini. Gurudumu moja liliyeyukia njiani, na huyo mkubwa, aliyekuwa amesimamia magari maisha yake yote, aliligundua kabla hajasema ahsante.

Mumewe, Samuel Kioko, alikuwa mtu wa Machakos aliyekuja Mombasa kwa kazi ya reli akabaki. Siku za keki kazi yake ilikuwa moja: kukaa kwenye kigoda na kupepea, si makaa, bali keki yenyewe, ili siagi isiyeyuke. Hakulalamika. Alisema ni kazi nyepesi kuliko ya stesheni, na mabaki yanalika.

Mwaka wa tisini na sita, Jumanne moja asubuhi, simu ya ofisini ililia, na aliyepiga alikuwa Mwanaesha wa Kibokoni. Mwanaesha na Kadzo walisoma pamoja, dawati moja, na urafiki wao ulikuwa haujakatika hata baada ya mmoja kuolewa Mji wa Kale na mwingine kuingia ofisini. Alikuwa akipigia simu ya duka la jirani, na sauti yake ilikuja kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Kadzo, shoga yangu, Jumamosi Thureya yuwavishwa pete."

"Hatimaye," Kadzo akasema, kisha akataka kulirudisha neno.

Lakini Mwanaesha hakuudhika, kwa sababu kila mtu alisema hivyo hivyo. Thureya ndiye binti yake wa pekee, na Aidarus, kijana aliyemtaka, alikuwa ametumia miaka sita kufika hapo. Kwanza alikuwa anamaliza masomo. Kisha alikuwa anatafuta kazi. Kisha kaka yake mkubwa alikuwa lazima aoe kwanza, na kaka yake hakuwa na haraka. Kijana alikuwa na adabu, alikuwa na moyo safi, ila kila jambo lake lilikwenda kwa mwendo wake. Mitaani Kibokoni watu walikuwa wamechoka hata kuuliza.

"Nataka unipikie keki," Mwanaesha akaendelea. "Keki ya kasha."

Kasha alilokuwa akilisema ni la nyanya yake, kasha la mbao nzito lililopigwa misumari ya shaba, lililokaa ukumbini mwao miaka yote na ambalo Thureya angeondoka nalo akiolewa. Alitaka keki ifanane nalo, ziwekwe pamoja, wakwe wazione. Yote hayo Mwanaesha aliyaeleza vizuri. Lakini hapo hapo malori mawili yalikuwa yakibishana chini ya dirisha la Kadzo nani apite kwanza, na mengi katika maelezo hayo hayakufika. Kilichofika ni neno moja, nalo lilifika limepungua. Kadzo alisikia kasa.

"Kasa?" akauliza.

"Kasha, ndiyo," akajibu Mwanaesha, ambaye naye upande wake hakusikia kilichopungua.

Kadzo akachukua daftari. Kazi ni kazi. "Haya, nieleze."

"Liwe la kahawia. Juu utie nukta za shaba, uzipange vizuri. Na miguu minne, mifupi, ya mviringo. Mbele lifunguke kidogo, kidani kining'inie nje, watu waone kwamba limejaa."

"Limejaa," Kadzo akaandika. "Liwe kubwa?"

"Lisiwe dogo, kuna wakwe."

Kadzo aliona kwamba Mwanaesha anasema "la" na "li", naye kasa ni mnyama. Lakini alikuwa mtu wa Pwani, akajua kwamba nyoka akizidi huwa joka, basi na kasa wa kuwaonyesha wakwe angestahili heshima kama hiyo. Akaandika neno "kubwa" na kulipigia mstari chini yake.

Jioni alimwonyesha Samuel daftari.

"Kasa," Samuel akasema. "Kwenye sherehe ya pete."

"Watu wa Mji wa Kale wana mambo yao, Baba Kanze. Usiwaulize."

"Siwaulizi wao, nakuuliza wewe."

Kadzo alikuwa ameshalifikiria njia nzima ya kurudi. "Kasa hutaga mayai mia kwa mara moja," akasema. "Fikiria mwenyewe."

Samuel akafikiria, akaona lina maana. Lakini baada ya muda akainua kichwa tena. "Kasa hana miguu. Ana vile vya kuogelea kama makasia. Mwenye miguu ni kobe."

"Wewe mtu wa Machakos umemwona wapi kasa?"

"Kwenye kalenda ya benki."

Kadzo, aliyezaliwa karibu na bahari kule Kilifi, alijua kwamba Samuel amesema kweli. Lakini mwenye keki alikuwa amesema miguu, minne, mifupi, ya mviringo, na Kadzo hakuwa na desturi ya kubadilisha maagizo ya watu.

Ijumaa aliporudi kazini aliokea keki ndani ya karai, na ilipogeuzwa ikawa na mgongo wa duara kamili, mpana, uliotuna. Jumamosi asubuhi akaanza kupamba. Aliipaka kakao na siagi, akachora magamba kwa ncha ya kisu, moja moja, na katikati ya kila gamba akatia vitone vya sukari alivyovipaka rangi ya shaba. Miguu aliikata katika keki nyingine. Kichwa alikifinyanga kwa korosho zilizosagwa na sukari, akakiachamisha, na kidani akakifanya kwa korosho hizo hizo zilizotiwa manjano, punje kwa punje, kikatoka mdomoni na kulala kifuani.

Macho yalimsumbua. Alitia zabibu, kasa akawa na hasira. Alitia karafuu, akawa anasinzia.

"Huyo anafanana na mkuu wangu wa stesheni," alisema Samuel, aliyekuwa akipepea kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umechoka.

"Akiamka au akilala?"

"Ni vile vile."

Kadzo akaacha karafuu. Ilikuwa saa sita, jua limekaza, siagi imeanza kung'aa, na sinia ilikuwa imekalishwa ndani ya beseni la barafu. Alirudi nyuma hadi ukutani, akaitazama. Samuel alimwona anajifuta mikono pole pole kwenye leso, kama mtu aliyemaliza sala. Ilikuwa keki nzuri kuliko zote alizowahi kufanya.

Walifunika sinia kwa kawa kubwa la ukindu na kuiweka kwenye mkokoteni wa Dzoro, jirani aliyezoea kubeba mitungi ya maji. Dzoro alivuta, Samuel akatembea pembeni na mwavuli juu ya kawa, na Kadzo akatangulia mbele akiwaomba watu wapishe. Watu waliosimama maduka ya njiani waliuliza ni mgonjwa gani huyo.

Kibokoni walifika kabla ya alasiri. Nyumba ya Mwanaesha ilikuwa nyembamba na ndefu, jiko chini likitazama kichochoro, ukumbi wa wanawake juu. Mwanaesha alitoka jikoni akiwa na unga hadi kwenye viwiko.

"Usifunue," akamwambia Kadzo alipomwona anagusa kawa. "Nyumba imejaa macho. Litafunuliwa mbele ya wakwe. Niambie tu, limefunguka?"

"Limefunguka, na kidani kimening'inia."

"Na zile nukta?"

"Mia na ishirini. Nimezihesabu."

Mwanaesha akambusu shavu, akamwachia unga. Samuel akaenda kukaa na wanaume kwenye baraza la nje, wakampisha karibu na Aidarus mwenyewe, kijana mrefu, mpole, aliyevaa kanzu mpya na kushika kikombe cha kahawa kilichokuwa kimepoa.

Baada ya alasiri wanawake wa upande wa mume walifika kwa vigelegele, na mbele yao alikuwa Bi Mwanakombo, shangazi yake Aidarus. Babake kijana alikuwa marehemu, kwa hiyo Bi Mwanakombo ndiye aliyekuwa na neno. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu, jambo lililowafanya watu wajutie walichosema. Alimvisha Thureya pete, akamwombea dua ndefu, kisha akaketi. Mwanaesha, kwa heshima, akamwomba afunue keki. Sinia ilikuwa juu ya meza ndogo, ubavuni mwa kasha la nyanya.

Bi Mwanakombo akainua kawa.

Mwanamke mmoja alikuwa ameanza kigelegele, akakimeza. Juu ya sinia alikaa kasa mkubwa wa kahawia, ana nukta za shaba mgongoni, miguu minne mifupi, kidani kinamtoka mdomoni, macho yamefumbwa nusu.

Bi Mwanakombo akarekebisha miwani yake. "Masha Allah," akasema. "Huyu ni nani?"

Wanawake wa nyuma walinyoosha shingo waone.

"Nauliza kwa uzuri. Huyu anayekwenda pole pole, aliyefika amechoka, na kidani bado anacho mdomoni. Ni nani?" Akamgeukia Mwanaesha. "Miaka sita mulinyamaza. Nami nikasema, hawa ni watu wa subira. Kumbe mulikuwa mwangoja keki."

Mwanaesha alikuwa amekauka. "Kadzo," akasema bila kugeuza kichwa, "hiki ni nini?"

"Kasa," akasema Kadzo. "Kama ulivyoniagiza."

"Nalikwambia kasha."

Akalionyesha kwa kidole. Kadzo akalitazama lile kasha. La kahawia. Nukta za shaba. Miguu minne, mifupi, ya mviringo. Miaka kumi na minne hajakosea jina la meli hata moja. Akafungua mkoba, akatoa daftari la ofisini, akasoma agizo lote kwa sauti, mstari kwa mstari, na kwa kila mstari vichwa vya wanawake viligeuka kwenye kasha, vikarudi kwenye keki.

"Yote yamo," bibi mmoja akanong'ona.

"Yamo," akasema Bi Mwanakombo. "Limepangwa vizuri jambo hili. Lakini mimi nina miaka sitini na saba, na sijamwona mtu mwenye masikio mawili akaambiwa kasha akasikia kasa."

Kadzo angeweza kunyamaza, na pengine ingekuwa busara. Lakini kuitwa mwongo na kuitwa mkosaji kwa siku moja kulimzidi. "Mama, naomba tujaribu," akasema. "Ofisini kwetu kuna kelele. Mwanaesha ashuke jikoni, aseme neno kupitia kiganja kama simu ya dukani. Watu wapige masufuria. Sisi tusikilize hapa juu ngazini."

Bi Mwanakombo alinyamaza kwa muda wake wa kawaida. "Haya."

Mwanaesha akashuka. Wasichana wawili wakashuka naye, kila mmoja na sufuria na mwiko, na wakapiga kwa moyo wote. Katika kelele hiyo Mwanaesha alisikika kwa mbali, akirudia rudia.

Wa kwanza kusikiliza alikuwa binamu wa upande wa mume. "Kasa," akasema, akawatazama wenzake kwa haya.

Wa pili, mwalimu wa chuo, alisikiliza kwa makini. "Mimi nasikia karata. Lakini hawezi kusema karata."

Thureya mwenyewe akaondoka kwenye kiti chake cha heshima, pete mkononi, akainama ngazini. "Pasha," akasema. "Mama aniambia nipashe kitu."

"Nipisheni," akasema Bi Mwanakombo. Alishika ukuta, akashuka ngazi tatu, akatega sikio lake la kulia, akabadilisha akatega la kushoto. Aliporudi juu uso wake ulikuwa mgumu kuusoma. "Amesema kaa."

"Kaa yule wa matopeni, au kaa kitako?" mwalimu akauliza.

"Hilo sikulijua. Ndiyo maana niliendelea kusimama."

Walioanza kucheka walikuwa vijana, nyuma kabisa, na huenda kicheko kingeishia hapo. Lakini jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba dirisha la jiko lilitazama kichochoro, na katika kichochoro ndimo wanaume walimokaa. Wao hawakuwa na ukuta katikati. Walichosikia ni masufuria yakipigwa kwa nguvu na mama wa nyumba akilia, "Kasha! Kasha!"

Samuel alieleza baadaye kwamba yeye alidhani ni moto, na mzee mmoja alidhani ni mwizi, na walikuwa bado wanashauriana Aidarus alipoinuka. Hakuweka kikombe chini. Alipita mlango, akapita jiko, akapanda zile ngazi tatu tatu, kanzu kaishika mkononi, na wanawake walipata nafasi ndogo tu ya kuvuta buibui vichwani kabla hajatokea mlangoni akihema.

"Hodi," akasema, amechelewa. "Kasha limeibwa?"

Bi Mwanakombo alimtazama mpwa wake kutoka miguuni hadi kichwani, kama anayemwona mara ya kwanza. "Aidarus," akasema, "umepanda ngazi hizi mbio?"

"Ndiyo, shangazi."

"Hakuna aliyekutuma?"

"Nilisikia kasha la Thureya."

Kisha macho yake yakaangukia sinia. Alimtazama kasa, akatazama kidani, akatazama yale macho ya karafuu yaliyosinzia. Rangi ikampanda usoni pole pole, na akauliza kwa sauti ndogo, bila ugomvi wowote ndani yake, "Huyu ni mimi?"

"La," akasema Thureya. "Hilo ni kasha."

Hapo ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwalimu wa chuo alikaa chini. Mwanaesha alikuja mbio kutoka jikoni, kiganja bado kipo mdomoni, akiuliza wanacheka nini, na hakuna aliyeweza kumwambia. Bi Mwanakombo hakucheka kwa sauti, lakini alivua miwani na kuifuta kwa ncha ya leso kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji.

"Mleteeni kisu huyu mpika keki," akasema alipoivaa tena. "Na wewe, kijana, shuka. Ukishuka, shuka kwa adabu."

Bi Mwanakombo alikatiwa mguu wa mbele. Aliula wote, akauliza Kadzo alivyofanya hadi katikati ikaiva bila kuungua pembeni. Kadzo akamweleza habari ya karai na ya mchanga, na wakazungumza kuhusu makaa ya mkoko na makaa ya mwitu hadi maghribi ikakaribia. Kichwa hakikukatwa. Kilipelekwa barazani pamoja na kahawa, na Samuel alisema wanaume walikizunguka wakakosa wa kuanza, mpaka Aidarus akakimega yeye.

Walirudi Tononoka jioni. Mkokoteni ulikuwa mtupu na Dzoro alitembea haraka.

"Ofisini kwenu kutwa kucha ni makasha," Samuel akasema, "na neno lenyewe hulijui."

"Ofisini tunasema kontena," akajibu Kadzo.

Harusi ilikuwa baada ya Maulidi, na Mwanaesha alimtaka tena Kadzo. Safari hii hakupiga simu. Alikwenda Tononoka mwenyewe, akaketi, na akaeleza anachotaka: keki nyeupe, ghorofa tatu, basi. Kadzo akaipika. Ilisimama wima, haikuyeyuka, maua yake yote yalikuwa mahali pake, na haikuwa na kosa hata moja. Kumbe kosa ndilo watu wengi walilolijia. Watoto waliizunguka mara mbili wakaondoka wamenuna. Bi Mwanakombo naye alikwenda hadi mezani, akaitazama mbele, akazunguka akaitazama nyuma, akainama akatazama chini ya kitambaa cha meza.

"Nzuri," akamwambia Kadzo, kwa sauti anayoitumia mtu kusifu dawa, akaenda kutafuta mahali pa kukaa.